Ukuta wa Agar na mapipa ya Bunia

Saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya vilima vya Butembo, Agar Kahongya anainamia pipa la petroli na kulinusa kwenye kizibo, kama mama anayenusa utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Anapitisha kidole. Pakavu. Anatabasamu, anahamia pipa linalofuata.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mmoja ni mkaguzi katika depo ya mfanyabiashara Melchior Vagheni. Mzigo wake ni ule ambao wengi hawapendi kuukaribia: petroli na asidi ya betri. Mwaka huu wa 2001, vita vikiendelea, mzigo huo huingia mjini kutoka pande tatu: Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, Goma kusini na Bunia kaskazini.

Agar ameugawa ukuta wa depo kwa mkaa, kila upande na sehemu yake. Pipa likivuja, anachora mstari. Mwezi uliopita Kasindi ilipata miwili, Goma mitano, Bunia kumi na mmoja.

"Batu balisema mapipa ya Bunia ndiyo mabaya," anasimulia. "Miye nikasema hapana. Mapipa ni moja. Ni namna banayapakiza."

Kasindi huyasimamisha juu ya vigogo vya migomba. Bunia waliyalaza, wakaweka magunia ya maharage juu yake, na abiria juu ya magunia. Familia moja ya Vuhovi ilinunua maharage hayo, ikayachemsha mara tatu.

"Bado yananuka essence, ile petroli! Mama wa kule alikuwa anaogopa kuchochea moto," Agar anasema, akicheka hadi anajifuta machozi.

Basi akamtuma dereva Kambere Bunia na maagizo: mapipa yasimame, migomba chini, sabuni ya kuziba ipakwe kuzunguka kila kizibo. Melchior naye akaahidi kwamba mzigo wa Bunia ukifika bila pipa kuvuja, atafungua depo Beni na kumpa Agar aiongoze.

Beni, njiani kutoka Bunia, ndiko aliko mumewe, Phinées, na shamba lao la kakao. Ni kilomita hamsini na nne tu, lakini kwa miaka miwili kazi na hatari za barabara zimewatenganisha, Agar akibaki Butembo na binti yao Jemima.

Saa nne lori la Kambere linaingia. Nyuma yake, matone yanafuatana kutoka langoni. Wapakuzi wanarudi nyuma. Melchior anavua kofia.

"Mama Jemima, pole. Iko inavuja."

Agar anapiga magoti, anachovya kidole, ananusa. Kisha analamba.

"Mama! Unataka kufa?" Kambere anapiga kelele.

"Patron, hii haiko essence. Ni kasiksi!"

Kati ya mapipa kuna bidoni, dumu la njano la pombe ya ndizi, mdomo wazi. Kambere anajishika kichwa.

"Bwana yako alinipa pale Beni. Eti mufurahie depo mupya. Njiani kitu kikalia pwaa! Miye nikafikiri ni pneu ya lori imepasuka."

Kizibo kinaokotwa. Phinées amekipaka sabuni pande zote, vilevile Agar anavyofundisha. Lakini kasiksi inayochachuka huzibwa kwa jani la mgomba, ipate kupumua, na kila mtoto wa hapa anajua.

"Miaka mbili bila bibi," anasema Agar, "mutu anasahau hata kasiksi!"

Depo nzima inaangua kicheko. Kisha mapipa thelathini yanakaguliwa, moja baada ya jingine. Yote makavu.

Melchior anachukua mkaa na kwenda ukutani, sehemu ya Bunia. Hana cha kuchora. Anarudi, anauweka mkononi mwa Agar.

"Enda nayo. Ukuta wa Beni uko mweupe."

Jumatatu Agar na Jemima watapanda lori la Kambere.

"Kwanza nitagawa ule ukuta," anasema, mkaa bado mkononi. Anafikiri kidogo. "Hapana. Kwanza nitafundisha Phinées kuziba kasiksi."