Swali la Binamu Mkubwa

Fundi aliyeniuzia kompyuta mjini Kasese alinihakikishia kwamba haina haja ya kununuliwa ulinzi, imezaliwa nao. Nilirudi nayo Bwera nikajifungia chumbani kuwasha kila mlinzi niliyemkuta humo: kinga ya virusi, ukuta wa kuzuia wadukuzi, nywila, hata kile kidude cha kufunga skrini ukienda kujisaidia. Kisha nikajipa akaunti ya msimamizi, mke wangu nikampa ya kawaida. Akitaka kuweka programu yoyote, hata ya kupangia nyimbo za kwaya, lazima aniite niandike nywila. Nilikuwa nainuka kitini polepole kama mkuu wa wilaya.

Ulinzi wote huo ulikuwa na sababu moja, nayo ni ya aibu. Nilikuwa naomba kazi ya ukarani katika kampuni moja ya kupandisha watalii mlimani, kule Nyakalengija. Nilisikia wanapendelea mtu asiye na familia, kwa kuwa analala hukohuko. Kwenye fomu, palipoulizwa hali ya ndoa, nikaandika: sijaoa. Miaka tisa ya ndoa na watoto watatu, nikaifuta kwa kidole kimoja! Nilijiambia nitamweleza mke wangu nikishapata kazi. Fomu ilitakiwa Ijumaa.

Kompyuta nayo ikataka maswali matatu ya siri, ya kuniokoa nikisahau nywila: jina la mnyama wangu wa kwanza, mahali nilipozaliwa, na jina la binamu yangu mkubwa kuliko wote. Hilo la tatu nililipenda sana. Binamu huyo alihamia mbali kabla sijaoa, na mke wangu hajawahi kumtia machoni wala kumsikia akitajwa.

Alhamisi nilirudi kutoka Karambi, nikaandika nywila, ikakataa. Nikaandika tena, herufi moja moja, ikakataa. Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe, hata kichwa hakuinua.

"Nilibadirisha," akasema. Yeye ni mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, na akikasirika Kiswahili chake hurudi kwao chote. "Iliniuliza maulizo tatu. Mbwa na fasi ulizaliwa, niliuliza mama yako ku telefoni. Ile ya tatu sikuuliza mutu."

"Ulijuaje? Binamu yangu hujawahi kumwona!"

"Papa, ule iko mutoto mwanaume wa kwanza. Weye uko Mukonzo, miye niko Munande. Majina ya wa kwanza iko ngapi? Nilijaribu moja, ikakatala. Nikatia ya pili, ikafunguka."

Nilikaa chini. Sisi Wakonzo na Wanande, wa pande zote mbili za mpaka, huwapa watoto majina yaleyale machache kwa zamu ya kuzaliwa, na mimi nilikuwa nimefungia siri yangu kwa jina ambalo muuza nyanya yeyote sokoni angelibahatisha. Nilitaka kucheka, lakini alikuwa ameacha kuchambua.

"Fomu umeiona?" nikauliza.

"Niliona. Na nilituma."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akanigeuzia mgongo ili nisione nywila mpya, akafungua, akanionyesha kilichotumwa. Kila kitu kilikuwa vilevile nilivyoandika, hata makosa yangu hakuyagusa, isipokuwa mstari wa hali ya ndoa. Hapo alikuwa ameandika: nimeoa, kwa sasa.