Bunduki Aliyomchagulia Mkwewe

Habari za kifo zilinikuta kwenye soko la mbuzi hapa Isiolo, nikibishana bei. Dalali mmoja aliniambia bila kuzungukazunguka, "Mzee, yule rafiki yako wa Gotu ametangulia. Wanazika kabla ya alasiri." Nikaacha mbuzi na bei yake. Nilipofika Gotu, magari yalikuwa yamejaa mpaka barabarani, na watu wa kila kabila na kila dini wamesimama juani kwa ajili ya mzee mmoja aliyevaa kikoi kilekile mwaka mzima. Msomaji wangu, nilipaswa kulia, na baadaye nililia. Lakini kwanza niliona wivu. Mimi huandika safu hii wiki baada ya wiki, na sidhani siku yangu ikifika nitajaza hata nusu ya uwanja ule.

Wivu wangu kwake si wa jana. Ulianza ujanani, tulipokuwa askari wa akiba tukilinda mifugo kwa bunduki kuukuu za serikali. Nilikuwa na shabaha kuliko yeye, na nasema hivyo hata sasa akiwa kaburini. Lakini kijana mpya akipewa bunduki, alikwenda kuuliza kwake. Hakuwa na maneno mengi. Mimi nilikuwa nayo, nikaishia kuyauza magazetini, yeye akabaki na ng'ombe wake na heshima zake.

Kilichonichoma zaidi ni mambo ya elki. Binti yake ni muuguzi Marekani, kule kwenye milima ya baridi, na mumewe ni mtoto wa hapa hapa mjini, aliyekulia kati ya maduka, sijui hata kama aliwahi kushika manati. Wenzake wa kazini wakamwalika kuwinda elki, kulungu wa huko, mkubwa kama mtamba wa Kiborana. Kwetu kuwinda ni marufuku, na hata kabla ya marufuku mfugaji alimcheka mla nyama ya mwitu, akimwona kama mtu aliyekosa ng'ombe. Lakini ugenini ni ugenini. Kijana akapiga simu ya video kumuuliza baba mkwe anunue bunduki gani, nami nilikuwa nimeketi palepale na kikombe changu cha chai.

Nilikuwa tayari. Nilishatazama video za bunduki hizo mpaka bando likaisha. Nikamwambia achukue ile ndefu yenye darubini, apige kutoka mlima huu hadi ule. Sikuwa nimefika hata kwenye aina za risasi aliponikatiza kwa adabu. "Shukran mzee, lakini nilikuwa nauliza baba."

Rafiki yangu akaisogeza simu karibu na pua, kama kawaida yake. "Nyama mtakula?"

"Ndio baba, tutakula."

"Basi chukua ile fupi, ile ya kikono huku chini. Unavuta, unarudisha, risasi inaingia. Na darubini usiweke."

"Lakini baba, hiyo haifiki mbali."

"Ndio maana. Sheikh anasema ukitaja bismillahi wakati unapiga, imetosha, na mimi sibishani na sheikh. Lakini mimi ni mchunga ng'ombe. Nataka kisu ifike shingoni kama bado ana pumzi. Ukimpiga akiwa mlima ingine, utafika saa ngapi? Na kama umemvunja mguu tu? Usipoona jicho yake, wacha aende."

Kijana alinunua ile fupi. Msimu ukaisha akarudi mikono mitupu, huku wenzake wa darubini wakijaza friji zao. Nilifurahi, sitawaficha. Nilizunguka hoteli za chai nikisema angenisikia mimi. Kijana alipopiga simu tena nilihakikisha nipo, maana mkwe akishachekwa kwa ushauri wa baba mkwe, harudi kuuliza tena, na hilo ndilo nililokuja kuliona. Mzee aliuliza jambo moja tu. "Ulifika karibu aje?"

"Kama kutoka mlango yako mpaka zizi, baba. Lakini alisimama nyuma ya miti, jicho sikuona. Nikamwacha. Wenzangu wananicheka."

"Wacha wacheke. Utarudi na hiyo hiyo."

"Nitarudi nayo, baba."

Hapo nilitamani kurusha kikombe. Na msimu uliofuata alimpata elki, akamchinja kwa mkono wake.

Siku hizi sote tumekuwa watu wa darubini. Mbuzi ananunuliwa kwa picha ya simu, kisha mnunuzi analalamika kwamba ameletewa mgonjwa. Watu wakigombania maji kule Kipsing, kiongozi anawatuliza kwa hotuba akiwa Nairobi. Hata rambirambi tunazituma tukiwa tumejilaza kitandani. Marehemu alikuwa akitembea mpaka kwa mtu, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema lake. Wale waliojaa Gotu ni watu aliowafikia.

Tulikuwa bado matangani simu ya Marekani ilipoingia. Mjane alilia na binti yake, kisha akanipa mimi, akasema mkwe wake ananitaka. Sauti ya kijana ilikuwa imekauka. Tukapeana pole.

"Mzee, najua si wakati yake. Kuna jamaa wa hapa msikitini anaenda kuwinda mara ya kwanza. Mimi namwambia achukue fupi, wengine wanamwambia ndefu. Nilimwahidi nitauliza mzee wa nyumbani. Sasa mzee ni wewe."

Nimeingoja simu hiyo miaka yote. Majibu yangu ninayo, ya darubini, ya risasi, ya upepo. Nikakohoa, nikaisogeza simu karibu na pua, nikajisikia nikiuliza, "Nyama atakula?"

Hata kaburini amenishinda. Kumbe mwenye wivu ndiye msikilizaji wako mkubwa, na miaka yote ile nilipodhani nambishia, nilikuwa namsikiliza.