Nilipiga kura hela za waathirika wa vidonge zinunue gari la polisi

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha kama ulivyo. Chumvi hamna, kama ningetaka kujipamba ningechagua kisa kingine.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha huko. Sasa niko Gisenyi, Rwanda, lakini miaka tisa niliishi Marekani, mji mdogo wenye kiwanda cha nyama. Wafanyakazi wengi pale ni watu wa kwetu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda.

Kule kulikuwa na kijana wa hapa Gisenyi, Deo. Tulisali naye kanisa moja. Aliumia mgongo kiwandani, daktari akamwandikia vidonge vikali vya maumivu.

Mgongo ukapona. Vidonge vikagoma kumwachia.

Kwa wasiojua: kampuni zilizotengeneza na kuuza vile vidonge zilishtakiwa, zikakubali kulipa. Hela zinatoka kidogo kidogo kwa miaka mingi, zinaenda kwa majimbo na kaunti (chukulia kama wilaya) ili walioathirika wasaidiwe. Kaunti yetu iliunda kamati ya kushauri zitumikeje, wakataka mtu wa kuwakilisha wahamiaji wanaoongea Kiswahili.

Nikachaguliwa mimi.

Aisee, nilivimba kichwa. Nikanunua suti. Mwenyekiti ananiita kwa jina langu la kwanza, picha yangu imetoka kwenye gazeti la pale.

Siku ya kura kulikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, basi dogo la kupeleka wagonjwa kliniki ya kuacha vidonge, maana ilikuwa mji mwingine, mwendo wa saa nzima, na usafiri wa umma hakuna. La pili, gari jipya la polisi na vifaa vyake. Hela ilitosha moja tu.

Mwenyekiti akanigeukia akitabasamu. "Watu wako wanapenda usalama, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Nikainua mkono.

Wakuu, sikutishwa na sikuhongwa. Nilitaka tu wanipende.

Siku hizo Deo alikuwa anaomba lifti kwenda kliniki. Mimi mwenyewe nilimpeleka mara mbili, nikachoka, nikaacha kupokea simu zake. Miezi michache baadaye alikutwa chumbani kwake ameshafariki. Alikuwa amenunua vidonge vya mtaani.

Mwaka huu nimerudi nyumbani moja kwa moja. Wiki ya pili tu, mama yake Deo, anayeuza vitenge karibu na mpaka wa Goma, akanialika kula. Alikuwa amepika sambaza, vile visamaki vya ziwani, ameita na majirani wawili. Akasimama mbele yao:

"Huyu ndiye alikuwa nabeba mutoto wangu ku hospitali. Mungu amubariki."

Nikasubiri majirani waondoke, nikamweleza yote, kura, suti, na simu nilizoacha kupokea.

Akaniuliza:

"Ile siku uliinua mukono, ulikuwa unajua Deo hana na voiture ya kumufikisha ku hospitali?"

"Nilijua, mama."

"Na bado ukainua?"

"Nikainua."

Akaanza kukusanya sahani bila kunitazama. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Hizo pesa zimeisha?"

Nikamwambia bado zinaendelea kuja, na mikutano ya kaunti ile iko wazi. Mtu yeyote anaweza kuomba dakika tatu za kuongea, hata kwa video.

"Bon, sawa. We utanitafsiria."

Mwezi uliopita, saa kumi alasiri hapa, kwao asubuhi, tulikaa sebuleni kwake mbele ya simu yangu. Mama akaongea polepole kuhusu mwanawe. Mimi natafsiri. Kisha akasema:

"Mutu wetu alikuwa ndani ya kamati yenu. Alijua Deo hana namna ya kufika ku dawa. Akawapa kura."

Mama hajui Kiingereza. Ningeruka sentensi ile asingejua.

Nikaitafsiri neno kwa neno, mwenyekiti yuleyule akinitazama. Nikaongeza langu moja: mtu huyo ni mimi.

Walisema suala la basi watalijadili upya. Sijui kama watafanya. Mama Deo salamu yangu anaitikia, lakini hajanialika tena kwake.

Nilichojifunza ni hiki: ukipewa kiti kwa jina la watu wako, waulize kabla hujawasemea. Na ninyi mlioko Marekani, hizo hela zipo hata kwenye kaunti zenu. Nendeni mkaulize zinafanya nini.

Mwenye swali aulize. Mwenye kunitukana pia aandike, nitasoma yote.