Kitasa cha Mlango wa Mbele

Mume wangu ni fundi vitasa. Kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha mafuta. Ukipita pale utamkuta ameinama, miwani imemshuka puani, anachonga ufunguo huku akipuliza vumbi la chuma kama mtu anayepoza chai. Watu wanampenda. Mtu akifungiwa nje na mlango wake mwenyewe humpigia yeye, hata siku ya mapumziko, naye hubeba mkoba wa vifaa akaenda. Nyumbani hasemi sana. Chozi lake sikuwahi kuliona tangu tuoane. Hata siku tuliyomzika mama yake alishinda akirekebisha bawaba za geti, eti wageni wapite vizuri.

Kwa hiyo nilishtuka alipoanza kulia mbele ya televisheni.

Ilikuwa tamthilia ya mtoto aliyepotea, inayoonyeshwa baada ya taarifa ya habari ya jioni. Mtoto mdogo ametumwa dukani, ufunguo wa nyumba umening'inia shingoni kwa kamba, na hakurudi. Mama yake anazunguka na picha, mara hospitali, mara polisi, na kote huko analia. Tena analia vizuri, sijui alifundishwa wapi: machozi yanateremka, wanja umekaa palepale, pua kavu. Mimi nikilia navimba uso mzima utadhani nimeumwa na nyuki.

"Mama, baba analia tena," alininong'oneza binti yetu, kitinda mimba, akinidonoa kwa kiwiko.

"Silii. Ni vumbi la funguo," baba yake akajibu.

"Mbona hilo vumbi linasubiri muziki wa huzuni?"

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Maana na mimi nina mtoto aliyeondoka. Kijana wetu wa kwanza, tuliyezoea kumwita Kijiti kwa wembamba wake, alibishana na baba yake juu ya kazi. Baba alitaka aingie kibandani ajifunze vitasa, Kijiti mwenyewe alitaka kuendesha malori. Siku hiyo walirushiana maneno mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Kijiti akabeba begi, akatia ufunguo wa nyumba mfukoni kwa mazoea, akatoka. Alipiga simu mara moja kusema amefika salama, kisha namba ikawa haipatikani. Tangu hapo baba yake hajalitaja jina lake. Nikimtaja mimi, anainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Nilikuwa namlilia jikoni, bomba la maji nimelifungua, ili nisimkere. Leo anamlilia mtoto wa watu, mtoto ambaye kamera ikizimwa anapewa soda na kurudishwa kwao!

Roho iliniuma. Nikaanza kumchunguza. Alikuwa anafunga kibanda mapema. Alikuwa anaoga kabla ya taarifa ya habari. Anamwogea nani? Jioni moja nilivaa gauni langu la bluu, nikajipaka mafuta mazuri, nikakaa upande wake wa kochi. Akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa namziba.

Lakini kilichonimaliza ni mlango.

Mlango wetu wa mbele una kitasa kibovu kuliko vyote mtaani. Lazima uinue mpini, uzungushe ufunguo nusu, halafu usukume kwa nyonga. Nyonga yangu ina alama. Vitasa vipya vimejaa kibandani kwake, hata kabati la sukari amelitia kufuli la maana, ila mlango huo kila nikimwambia, jibu ni "kesho". Watu wananitania: mke wa fundi vitasa anaingia kwake kama mwizi.

Sasa jioni hiyo yule mama wa kwenye televisheni alifunga mlango wake, akauegemea, akalia. Mume wangu akasogea hadi ukingoni mwa kochi.

"Kitasa chake cha hovyo," alisema kwa sauti ya upole ambayo mimi sijaisikia tangu uchumba. "Mwanamke yuko peke yake, mlango kama ule. Angekuwa karibu ningemwekea cha maana. Bure."

Bure!

"Na wangu je?" nikamuuliza.

"Wako nini?"

"Mlango wangu, baba Kijiti."

"Subiri, wanaongea."

Kesho yake alipokwenda kazini, nilimwita Fundi Kofia, mshindani wake wa kule sokoni. Najua. Ni kama mke wa kinyozi kupeleka watoto wakanyolewe kwa jirani. Fundi Kofia alifika, akavua kofia, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Shemeji, mumeo mzima?"

"Mzima."

"Mmeachana?"

"Fanya kazi, shemeji."

"Nafanya. Ila siku akijua, mimi nilikuwa nimesafiri."

Akang'oa kile cha zamani, nikakitupia kwenye ndoo ya matambara chini ya sinki. Kitasa kipya kilifunga kimyakimya, kama mtu mwenye adabu. Jioni mume wangu aliingia kwa mlango wa jikoni, kama kawaida yake akiwa na viatu vichafu. Sikumwambia. Nilitaka akione mwenyewe, aumie.

Tamthilia ikaanza. Safari hii kaka wa yule mama alikuja na fundi. "Dada, wezi wamezidi. Tubadilishe kitasa." Dada akaitikia kwa kichwa. Fundi akatoa bisibisi.

Mume wangu akasimama wima.

"Usikubali!" alipaza sauti. "Wewe mama, usikubali! Mtoto akirudi atafungulia nini? Si ana ufunguo wa zamani?"

"Baba, hakusi..." binti yetu alianza, kisha akamwona uso.

Macho yangu yakaenda mlangoni yenyewe, naye akayafuata. Fundi vitasa haambiwi. Alikwenda, akakigusa kitasa.

"Nani?"

"Kofia."

"Cha zamani umekitupa?"

"Kiko kwenye ndoo, chini ya sinki."

Akashusha pumzi, akakaa sakafuni palepale.

"Nilidhani umeshamsahau," nikasema.

"Ule ufunguo nilimchongea mwenyewe. Akija, akajaribu, ukakataa, atajua tumemfungia nje. Na hatagonga. Unamjua kiburi chake."

"Kakirithi kwako."

"Kwako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Na wewe unayemlilia yule?"

Akaitazama televisheni kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Kwa yule silazimiki kueleza kitu."

Jibu hilo lilinichoma kuliko ile jioni ya gauni la bluu. Yule amepewa machozi yote ya mtoto wangu, mimi nimeachiwa kimya. Nilitaka kugomba, lakini binti yetu alikuwa ameshaleta ndoo na mkoba wa vifaa.

Mume wangu akang'oa kitasa kipya, akakifuta cha zamani kwa shati lake. Matundu ya skrubu hayakulingana. "Sukuma kidogo," akasema, nami nikauegemea mlango kwa nyonga, palepale penye alama. Tulikaribiana mpaka pumzi yake ikanifikia shavuni. Alikuwa analia, na safari hii hakusingizia vumbi.

Nyuma yetu yule mama naye alikuwa analia, muziki na kila kitu. Nikamchungulia mume wangu kwa pembe ya jicho. Hakugeuka hata mara moja.