Mukaka Anaamusha Courant

Ile ampule, taa ya kugeuza rangi, ilitoka kwa mujomba, ndugu ya mama, mwenye anafanya biashara kule Beni. Alipopita Butembo aliniwekea mukononi mbele ya batu bote, akasema: «Hii ni ya mutoto mwenye hasemaga. Unachagua rangi kwa téléphone, inatii. Kinywa hapana fungua.»

Bakacheka bote. Hata mimi nilicheka, lakini ndani-ndani.

Mimi niko mutu wa haya. Mwalimu akiniuliza jambo lenye ninalijua, linatoroka. Bageni bakifika kwetu, naanza kuosha sahani zenye ziko safi. Mukaka, ni vile tunaita bibi yetu, mama ya papa, anasemaga kuku wa kwetu beko na maneno kunipita, na kama bwana yangu atasikia sauti yangu mwaka wa pili wa ndoa. Donc niliipenda ile ampule mbele hata ya kuiona ikiwaka.

Kuiwasha si kazi. Kazi ni kuifundisha. Inataka connexion ya nyumba, ni kusema internet, na sisi connexion ya nyumba hatuna. Tuko na ile ya téléphone ya papa, yenye anaichunga kupita pochi yake. Mujomba alinieleza kwa simu: papa agawe connexion, mimi nifungue application kwa téléphone yangu, ampule iwake na kuzima haraka-haraka, ile ni kusema inatafuta bwana. Papa alininong'onezea mot de passe, lile neno la siri, kwenye sikio, mukono mbele ya kinywa, juu ndugu zangu basimukulie mega za internet.

Ampule ilikataa. Nilipanda kiti, nikaisogezea téléphone kama mutu analisha mutoto uji. Ilikataa tena. Papa akaanza kulalamika kama mega zinaenda bure. Njo mujomba akakumbuka kama zile ampule hazijue connexion ya mbio sana. Kuko pahali pa kugusa ndani ya téléphone ya papa, connexion ipunguze mwendo. Nikagusa. Ampule ikatulia kidogo, ikafikiri, na salon yote ikawa bluu.

Papa alitaka kijani, akakaa anageuza mikono yake huku na huku kama si yake. Mama aliomba rangi yenye haionyeshe vile bitambaa vya viti vya fotey bimechoka. Mukaka aliangalia nyekundu muda murefu, halafu akasema ile itafaa kwa bifaranga. Mama akaona ni wazo, lakini akapelekea bifaranga ile ampule yetu ya zamani, yenye inatoa moto, akaifungia ndani ya sanduku lao.

Mujomba alinipatia angalisho moja tu. Mutu akizima na kuwasha kwenye ukuta mara tatu kwa kufuatana, ampule inasahau yote: connexion, papa, mimi. Inarudia kuwaka na kuzima kama siku ya kwanza. Tangu ahamie Beni, mujomba amesahau vile tunaishi kwetu.

Kwetu courant, ule umeme, inashukaga. Haikatike, inashuka tu, mupaka taa inakuwa kama jicho la mutu wa usingizi. Na mukaka anajua dawa yake tangu zamani. Anasimama, anaenda kwa interrupteur, ile swichi ya ukuta, anazima na kuwasha: ta-ta-ta, ta-ta-ta. Anaita ile kuamusha courant. Ubaya ni kwamba mara moja moja courant inaamka kweli, na mukaka anarudi kukaa kama mutu mwenye ametoka kazini.

Basi ampule ilikuwa inafundishwa asubuhi, mangaribi imesahau. Kumwambia mukaka «hapana gusa» sikuweza. Nilimwomba papa amwambie; akajibu kama ule mukono njo ulimubeba mugongoni, yeye hawezi kuukataza ukuta. Nikabandika bande ya kidonda juu ya interrupteur. Mukaka aliitoa pole pole, akaifunga kwenye kidole chake chenye alikuwa amejikata na kisu, na akanibariki kwa kumufikiria.

Sasa, yaya yangu, dada yangu mukubwa, alikuwa na kijana wa kumuoa. Kijana ni wa Kirumba, mupole, wa kanisa letu, na bandugu zake balituma habari kama batakuja kujionyesha kwetu. Musemaji wao ni baba mukubwa wa kijana, muzee wa kanisa mwenye, yaya aliambiwa, hacheke hata kwa arusi. Tena yule muzee anasemaga wazi kama batu ba Butembo beko na majivuno, na kama binti wa mujini atamuharibia mutoto. Neno lake moja lilitosha kurudisha gari Kirumba bila jibu. Yaya hakulala vizuri siku nyingi. Aliomba turudishe ampule ya zamani. Mama alikataa: bifaranga bilikuwa bingali bidogo.

Yaya, mwenye ananiitaga petite, mudogo wake, akanishika mabega. «Petite, ile siku nataka nyeupe. Nyeupe ya kanisa. Ikifanya rangi moja tu, weye njo utaolewa kwa nafasi yangu.»

Bageni balichelewa juu ya matope ya njia, na mvua ilikuja nabo. Balipokaa, inje kulikuwa kunaanza kuwa giza. Ampule ilikuwa nyeupe, nyeupe ya kanisa, niliichunga toka nyuma ya pazia la koridori, kidole juu ya téléphone. Chai ilipita, na mandazi. Kijana alikuwa amekaa kati ya bashangazi zake, anaangalia viatu vyake kama vile ameviazima. Muzee alikuwa murefu, amenyooka, kikombe kwenye goti. Alikohoa, akaanza vile bazee banaanzaga, kwa kuzunguka: kama bo balikuwa banapita tu, na ndani ya giza baliona mwangaza ndani ya hii nyumba.

Na courant ikashuka.

Nilimuona mukaka anasimama. Nilitaka kusema, kinywa kikakataa. Ta-ta-ta.

Ampule ikaanza kuwaka na kuzima, haraka-haraka. Sura za bageni zilikuja, zikaenda, zikakuja. Muzee aliacha neno katikati, akainua macho juu. Yaya alitoka jikoni, akasimama nyuma yangu, akanishika mukono kwa nguvu. Hakunitukana hata. Alisema tu: «Petite.»

Connexion papa alikuwa ameifunga juu ya mega, ilikuwa ndani ya mufuko wa koti yake, na papa alikuwa kwa ile ingine pande ya salon. Kwetu mutoto hapitake mbele ya bageni bila kubasalimia, mukono kwa mukono, goti limepinda. Nikapiga goti kwa wa kwanza. Mukono wake ulikuwa pale, halafu haukuwa, nikaushika wakati ulirudi. Nikaenda vile na safu yote, shangazi kwa shangazi, nikimusalimia hata kijana, mwenye alinipa mukono bila kuinua kichwa. Kwa muzee nilipapasa kikombe kwanza.

Nilipofika kwa papa nilinong'ona, lakini mvua ilikuwa inapiga bati. «Sema basi, mama,» papa akasema. Nikasema mbele ya batu bote, na sauti yenye hata mimi sikuijua: «Papa, nataka connexion yako.»

Muzee alimugeukia mukaka.

«Mama, hii taa yenu iko inafanya nini?»

Mukaka alikuwa angali kwa ukuta, mukono juu ya interrupteur. Hakushituka hata kidogo.

«Iko inakonyeza.»

«Inamukonyeza nani?»

«Njo ule kijana yenu. Tangu amefika, macho iko chini tu. Bibi-arusi hana ruhusa ya kumukonyeza, njo taa inamusaidia.»

Kwanza kijana aliinua kichwa, amewaka masikio. Halafu shangazi moja akaweka kitambaa kwenye kinywa. Halafu kikombe cha muzee kikaanza kutetemeka juu ya goti, na nikafikiri ni hasira, mupaka niliposikia kicheko, kikavu, kama mulango wenye haujafunguliwa muda murefu. Alicheka mupaka papa alimuchukulia kikombe.

Papa alifungua connexion, na ndani ya ile kelele akaninong'onezea tena mot de passe, yenye naijua kama jina langu. Courant ilikuwa imepanda. Ampule ikanikumbuka. Niliirudisha nyeupe mbio, lakini muzee alikuwa ameinama juu ya bega langu.

«Na kama unagusa pale?»

Niligusa pale. Kijani. Akataka manjano. Akataka ile yenye mama anaita ya fotey. Mutu wa kukataa majivuno, alinipitisha rangi zote kama mutoto na peremende, na hata mara moja hakusema neno baya juu ya Butembo. Kwa bluu akasema: «Acha pale. Ile ni muzuri kwa macho.»

Basi yaya aliitwa katikati ya bluu. Papa alimuuliza mbele ya bote, vile inapaswa, kama anabajua aba bageni, na kama bakirudia, mulango ufunguliwe ao ufungwe. Yaya aliangalia ampule, akaniangalia mimi, na nikaona kama hesabu yetu ingaliko. Halafu akamwangalia kijana.

«Nabajua,» alisema. «Ufunguliwe.»

Mukaka anasema bila yeye ile ndoa ingelala. Yaya anasema alikubaliwa akiwa na rangi ya samaki, na hajanisamehe bado, lakini anasema vile akiwa anaimba. Muzee naye alituma ujumbe toka Kirumba: anataka ampule kama yetu, na fundi wake awe ule ule mutoto. Mujomba ametuma ingine toka Beni. Kwa kunilipisha, yaya amepanga niende nayo Kirumba, nitasalimia ukoo muzima mukono kwa mukono, na nitaomba connexion kwa sauti.

Nilikubali. Lakini mukaka ameisha kufunga kitenge chake kizuri ndani ya sakoshi. Anataka twende naye. Anasema batu ba Kirumba habajue bado kuamusha courant.