Simu za Oshawa Zilipitia kwa Gulbanu

Simu ya mezani iliita saa mbili asubuhi, Fatehali akiwa na mswaki mdomoni. Hakuona sababu ya kukimbia. Ilikuwa Jumatano, na Jumatano asubuhi anayepiga huwa ni dada yake Gulbanu, kutoka mji wa Pickering, huku Kanada.

"Bhai?"

Ndivyo wadogo zake walivyomwita, kaka, lakini haikuwa sauti ya Gulbanu. Ilikuwa ya Sikander, kitinda mimba wao, ambaye sauti yake haikuwa imeingia kwenye simu hiyo kwa miaka tisa.

"Uko Pickering?" Fatehali aliuliza, akatema povu kwenye kikombe cha chai.

"Niko kwangu, Oshawa."

"Oshawa! Kata simu, mjinga wewe! Hiyo ni simu ya masafa, inakula kila dakika!"

"Najua, Bhai. Iache iendelee kula."

Hapo Fatehali aliketi. Sikander Alibhai, mtu anayekausha majani ya chai ili ayachemshe tena, amepiga moja kwa moja kutoka Oshawa kwenda Toronto na kusema iache iendelee kula. Hakuhitaji kuambiwa zaidi, lakini aliambiwa. Gulbanu amefariki usingizini kabla ya alfajiri. Binti yake Zeena ndiye aliyemkuta, alipompelekea chai.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," walisema wote wawili kwa pamoja. Kisha wakabaki kila mmoja na simu yake sikioni, kwa maana aliyekuwa akiwaambia la kuambiana ndiye huyo aliyeondoka.

Ili kueleza habari za Gulbanu, lazima nianze na bili ya simu ya Fatehali. Kaka mtu alikuwa na miaka sabini na minane, anakaa ghorofa ya kumi na moja mtaa wa Thorncliffe Park, Toronto, na bili ilipofika kila mwezi aliitandaza mezani, akavaa miwani, akashika na kioo cha kukuzia juu ya miwani. Kwanza aliikata huduma ya kuonyesha namba ya anayepiga. "Akizungumza nitamjua." Kisha akakata ile ya kuacha ujumbe. "Mwenye shida atapiga tena." Kisha bima ya waya za ndani. "Waya zimo ukutani. Panya atapanda ghorofa kumi na moja kuzitafuna?" Simu ya mkononi aliyonunuliwa na binti yake Minaz ilikaa kabatini, imezimwa, ili isiishe chaji. Minaz alipomweleza kwa Kiingereza kwamba siku hizi kuna mpango wa kupiga bila kikomo, alimjibu kwa Kiswahili kwamba yeye hana maneno mengi kiasi hicho.

Ila ugunduzi wake mkubwa ulikuwa huu. Toronto kupiga Pickering ni simu ya ndani, haihesabiwi dakika. Pickering kupiga Oshawa nayo ni ya ndani. Lakini Toronto kupiga Oshawa, ambako ni kusogea mbele kidogo tu kwenye barabara ileile, ni masafa, na kila dakika ina bei yake. Fatehali alichora maduara matatu nyuma ya kalenda, akayatazama, akacheka peke yake. Duara la katikati lilikuwa Gulbanu.

Na Gulbanu alikuwa na laini mbili. Marehemu mumewe Hussain aliendesha ofisi ya bima chini ya nyumba, na alipofariki, mkewe hakuikata laini ya ofisi. Alisema bado kuna watu wanaomuulizia, na si vizuri wakakuta kimya.

Basi kila Jumatano na Jumapili Gulbanu alimpigia Fatehali kwa laini ya kwanza. Gulbanu akampigia Sikander kwa laini ya pili. Kisha akaweka mikono miwili ya simu mezani, mdomo wa huu kwenye sikio la ule, akaifunga kwa mpira uliokuja na fungu la kotimiri, akarudi kukata vitunguu. Ndugu zake walizungumza ndani ya mpira huo saa nzima, naye akachangia kutoka kwenye sinki.

"Bhai, usimdanganye! Mbwa wa jirani yetu Bwana Shamez alikuuma wewe, hakumuuma yeye!"

"Wewe ni mtambo, Gulbanu. Mtambo hauzungumzi!"

"Mtambo huu una macho, na niliiona suruali yako."

Walizaliwa watoto watano nyuma ya duka la vitambaa Tabora, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya utani. Huku Kanada Gulbanu alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye jiko la hospitali, na jioni alijitolea jamatkhana, nyumba yao ya ibada ya Waismailia, upande wa kutunza viatu. Alimjua kila mtu kwa viatu vyake. Aliwahi kumwambia Fatehali kwamba fulani ana majonzi, kwa sababu wiki ya tatu hii hajapiga viatu rangi, na akaenda kumgongea na sufuria ya dengu. Fulani alilia mlangoni.

Mambo yaliharibika kwenye harusi ya Minaz. Sikander alishika kipaza sauti akawasimulia wakwe wapya jinsi Fatehali alivyoanguka mtihani wa gari mara sita, na jinsi mtahini wa mara ya sita alivyofungua mlango taa zilipokuwa nyekundu, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Ukumbi ulivunjika mbavu. Fatehali hakucheka. Tangu usiku ule hakutaka kuisikia sauti ya mdogo wake, na mdogo naye akasema hawezi kumbembeleza mtu asiyejua mzaha.

Gulbanu aliuondoa mpira. Sasa alikaa na simu moja kila sikio, kama mtu aliyeshikwa na baridi, akafunika hii kwa kiganja anapozungumza kwenye ile.

"Mwambie huyo punda aende kwa daktari wa macho," Fatehali aliagiza.

Kikafuata kimya cha kiganja, kisha, "Anakushukuru, Bhai. Na anauliza goti lako."

"Anauliza goti langu? Yeye?"

"Kwa uchungu sana."

Mwaka wa tisa, mwezi wa tatu, siku ya Navroz, sikukuu yao ya mwaka mpya, kiganja kilikawia zaidi ya kawaida. Gulbanu aliporudi alisema polepole, "Bhai, Sikander anaomba umsamehe." Fatehali alivua miwani, akaifuta. "Mwambie nimemsamehe. Lakini na aje aniambie kwa mdomo wake." Akangoja Aprili, akangoja kiangazi chote. Sikander hakuja, na hilo likamuuma kuliko ule mtihani wa gari.

Kwa hiyo siku ya msiba, ndani ya gari la Minaz kwenda Pickering, Fatehali alikuwa akimlilia dada yake, na chini ya kilio hicho kulikuwa na hofu. Kati ya watoto watano wa Tabora walibaki wawili. Hawa wawili hawakuwa na wa katikati tena. Wakishamzika, kila mtu atarudi kwake, na huenda yule ndugu asimwone tena mpaka mmoja wao awe kwenye jeneza.

Nyumba ilijaa watu wenye tasbihi na sinia za sambusa. Wazee wawili, kwa kusukumwa na umati, walijikuta jikoni.

"Pole, Bhai."

"Pole na wewe." Fatehali alisogeza sinia ya sambusa. "Nilikungoja tangu Navroz."

"Uliningoja mimi? Mimi ndiye niliyekungoja! Uliomba msamaha, nikasema nimekusamehe, aje tunywe chai. Hukutokea!"

"Niliomba msamaha mimi? Wewe ndiye uliyeomba!"

"Mimi siku ile nilisema, mwambie mzee asisahau kidonge cha presha."

"Na mimi nilisema..." Fatehali alijaribu kukumbuka. "Nilisema simu inakwaruza."

Sikander aliuliza kwa sauti ndogo, "Na goti langu? Hukuuliza goti langu?"

"Una tatizo la goti?"

Sikander alianza kucheka, akashika ukingo wa sinki, na kicheko kikageuka kilio katikati. Miaka tisa dada yao alikuwa amewatungia maneno, kila mmoja kwa kipimo chake. Fatehali alikumbuka alichofundishwa utotoni, kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alisema anayewapatanisha watu kwa kutia maneno mema si mwongo. Akamshukuru Mungu kwa mafundisho hayo, maana bila ya hayo Gulbanu angekuwa na mzigo wa dhambi.

Lakini msamaha wenyewe hakuna aliyeuomba bado. Wote wawili walilijua hilo, na kila mmoja akasubiri mwenzake. Zeena aliingia kuchukua vikombe, akawaona, akatoka kinyumenyume.

"Sikander," Fatehali alisema mwishowe, na maneno yalitoka kama jino linalong'olewa, "nisamehe. Ulikuwa mzaha, nikaufanya ukuta."

"Nisamehe mimi, Bhai. Hapakuwa mahali pake. Hata sidhani ilikuwa mara sita, labda tano."

"Zilikuwa saba," alisema Fatehali. "Moja sikumwambia mtu."

Gulbanu alizikwa Ijumaa. Asubuhi wanawake wa jamaa walimwosha na kumvika sanda, Zeena akiwa mmoja wao. Mchana aliletwa jamatkhana, salawati zikasomwa bila kukatika, na watu wakapita mbele yake mmoja mmoja. Fatehali alisimama kwa muda mfupi, akamwombea, akasogea kumpisha Sikander. Makaburini kulikuwa na upepo, theluji haikuwa imeanguka bado. Ndugu wawili walishika jeneza upande wa mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakatembea taratibu kwa ajili ya magoti yao. Aliteremshwa, akaelekezwa kibla. Kila mmoja alitupa udongo mara tatu, kisha vijana wakachukua makoleo wakajaza. Dua ikasomwa. Watu wakaitikia amin, wakapeana mikono, wakaenda kwenye magari. Kabla ya kuingia la Minaz, Fatehali alimgeukia Sikander akasema, "Jumatano nitakupigia mwenyewe, na dakika iache iendelee kula."