Niliacha maharage, mawese na pilipili, kiungulia kikabaki palepale

Mwakeye wakuu. Naandika kutoka Murungu, Kibondo. Sitaongeza chumvi, hata hiyo chumvi yenyewe nilishaambiwa nipunguze.

Mimi ni dada mkubwa. Wazazi walitutoka, nikaacha shule kidato cha pili nikabaki na wadogo zangu watatu. Nalima mihogo na maharage, tunaishi.

Mwaka jana kifua kilianza kuwaka. Kitu kichungu kinapanda hadi kooni, hasa nikiinama kupalilia.

Niliogopa, maana mama alikuwa akishika kifua hivyohivyo kabla ya kufariki, na hatukuwahi kujua ni nini. Nikianguka na mimi, hawa watatu wanabaki na nani?

Zahanati sikwenda. Niliogopa jibu. Nikawa nauliza watu.

Jirani akasema ninywe maziwa, na niache maharage, mawese na pilipili. Nikanywa, nikapoa kidogo, moto ukarudi. Muuza duka mjini akasema maji ya ndimu kabla ya chai. Wakuu, siku ya ndimu nilikaa chini kwenye tuta nikaacha jembe.

Rafiki yangu anayepeleka unga kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akasema ubaya uko kwenye ugali wa muhogo, nile wa mahindi. Intaneti ikasema ndizi. Sawa, lakini kwetu ndizi zinapikwa na maharage na mawese, na hayo yote nimeshakatazwa. Sasa nile maganda?

Nikafuta vyote. Na kwa kuwa tunapika chungu kimoja, wadogo zangu wakaingia kwenye dayati yangu bila kuulizwa. Wiki tatu, ndizi za kuchemsha na mchicha usio na mafuta.

Kitinda mimba wetu akaniuliza kwa heshima kabisa, "Dada, kwani na sisi tuna kiungulia?"

Na kifua bado kinawaka. Hapo ndipo nilichanganyikiwa hasa.

Eliza, anayenifuata, ndiye aliyenivuta zahanati. Muuguzi hakuanza na vyakula. Aliniuliza nakulaje. Kabla sijafungua mdomo, Eliza akajibu:

"Huyu hali na sisi. Anatupakulia, anasubiri tushibe, ndipo anakomba sufuria na kwenda kulala."

Ni kweli. Tangu msiba nilijiwekea kwamba mkubwa anakula mwisho. Mchana shambani nashindia chai kavu. Usiku nakula kilichobaki, na kikiwa kingi nakimaliza kisitupwe, kisha nalala hapohapo. Niliona huo ndio ukubwa.

Muuguzi akasema nile kidogo kidogo, mchana nisikae tumbo tupu, na nikishakula nikae saa mbili tatu kabla ya kujilaza. Mawese na pilipili nipunguze, ndimu niache. Vingine nivijaribu kimoja kimoja, maana matumbo hayafanani.

Kuhusu mama, alisema hawezi kumsemea marehemu. Kwangu hakuona dalili ya kutisha, ila nikishindwa kumeza, nikitapika damu au nikikonda bila sababu, nirudi haraka.

Siku hiyo jua halijazama Eliza akatenga sinia. Mimi nimesimama na mwiko, kama kawaida yangu. Hakuna aliyegusa.

"Kaa, dada," akasema. "Hatuanzi mpaka uanze."

Wakuu, niliweka mwiko chini, nikakaa, nikamega tonge la kwanza.

Sasa hivi kifua kimetulia, siku nyingi, si zote. Maharage nimerudisha na hayanisumbui. Nyanya ndiyo inaniunguza, na kwa nini iwe nyanya, mpaka leo sielewi.

Nilichojifunza: kabla hujaanza kufuta vyakula, angalia kwanza unakula saa ngapi, kiasi gani, na kwa nini unakula mwisho. Na zahanati nenda mapema, hofu haitibu.

Mliopitia haya mseme, hasa watu wa Kasulu na Munanila: ndizi bila mawese mnazipikaje zikalika? Kitinda mimba wetu ananiuliza kila siku kama mmeshajibu.